Jenereta Yanguruma, Betri Haijai

Wakati wa mvua, tangu Novemba hata Aprili, mawingu yanapolala juu ya milima ya Umatengo kutwa nzima na paneli za sola zikawa hazina kazi ila kuoshwa, ndipo mwenye duka la Maguu, na mganga wa zahanati, na mwalimu mkuu mwenye mabweni, wanapoirejea jenereta iliyowekwa stoo, wakaitia petroli, wakaivuta kamba, wakaiacha ingurume saa nne au tano mfululizo kwa matumaini kwamba betri zitajaa. Na mara nyingi usiku haujafika kati inveta huanza kulia kwamba betri zimekwisha. Hapo ndipo lawama zinapoanza, nazo kwa desturi huangukia moja katika mawili: ama jenereta ni mbovu, ama betri zimekufa. Mwenye fedha hununua betri mpya, nazo baada ya msimu mmoja huwa kama zile za kwanza. Asiye na fedha huongeza saa za jenereta, na petroli, ambayo imekwisha kupanda bei kwa kila kilima ilichokivuka hata kumfikia, humlia faida yake yote.

Muradi wa makala haya ni kusema kwamba lawama hizo aghalabu hutolewa kabla ya ushahidi. Kati ya jenereta na betri pana chaja, pana nyaya, pana viungo, pana mipangilio ya mitambo, na pana tabia ya betri yenyewe ya kupokea kwa kadiri yake na si kwa kadiri ya haraka yetu. Na katika kila hatua ya safari hiyo umeme waweza kupungua bila moshi, bila harufu, bila cheche ya kumtahadharisha mwenyewe. Kwa hiyo namsihi msomaji asinunue kitu chochote, wala asimruhusu fundi kubadilisha kitu chochote, mpaka awe amepima. Na apime penye nguzo za betri zenyewe, jenereta ikiwa yafanya kazi na chaja ikiwa yachaji, kwa maana kipimo kilichochukuliwa kila kitu kikiwa kimezimwa hakitoboi siri ya umeme uliopotea njiani. Testa ya kawaida, inayouzwa kwa thamani ya lita chache za petroli, yatosha kwa kazi hii.

Sina budi kukiri kwamba hali ya umeme mkoani Ruvuma si ile ya zamani. Mwaka 2018 njia kuu ya kilovolti 220 kutoka Makambako iliifikia Songea, na miji ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO ikaunganishwa na gridi ya taifa; kadhalika masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mtambo wao wa maji huko Tulila, juu ya mto Ruvuma, wa megawati 5. Hata hivyo vitongoji vya Wamatengo vimetawanyika migongoni mwa milima, na vijiji vya mwambao wa ziwa, toka Lituhi hata Mbamba Bay na kusini yake, vina pembe zake ambazo nguzo hazijafika. Na hata pale zilipofika, radi na miti iangukayo hukata umeme katika miezi ile ile ambayo jua nalo limejificha. Jenereta na betri, basi, zitakuwa nasi kwa muda mrefu bado.

Na tuanze na kosa lenye hasara kubwa na dawa nyepesi. Jenereta nyingi ndogo za petroli zina tundu lililoandikwa volti 12, na mwenye kuliona hudhani, wala hana lawama, kwamba ndipo mahali pa kuchajia betri. Lakini yasome maandishi madogo yaliyo kando yake: aghalabu yatakuambia amperi 8.3, ambazo ni sawa na wati 100 tu, ilhali jenereta ile ile yaweza kutoa wati 2,000 katika tundu la volti 230. Tundu hilo dogo liliwekwa kwa ajili ya kuiamsha betri ya gari iliyolala, nalo halina kidhibiti cha kuongoza chaji. Betri ya amperi-saa 200 iliyotumika nusu yadai kurudishiwa amperi-saa 100, na kwa amperi 8.3, ukiongeza na kile kinachopotea kwa joto, hiyo ni kazi ya saa zipatazo 14. Jenereta ikila nusu lita tu kwa saa, lita 7 zimekwenda. Chaja nzuri ya amperi 30, ikichomekwa katika tundu kubwa la jenereta hiyo hiyo, ingeirudishia betri sehemu kubwa ya deni lake kwa muda wa saa mbili hivi.

Lakini chaja nayo yahitaji kutazamwa. Zile za kale, nzito, zenye transfoma ndani, huvuta umeme pale tu wimbi la umeme linapofika kileleni. Umeme ulio mzuri wa volti 230 una kilele cha volti 325. Jenereta ya bei nafuu, ikishalemewa na mzigo, hubonyea kileleni, na kilele chake kikashuka sana hata kama testa ya kawaida, ambayo husoma wastani, ingali ikionyesha 230 bila kusitasita. Hapo chaja iliyoandikwa amperi 40 hutoa amperi 20, na mwenyewe hana habari. Fauka ya hayo, chaja za namna hiyo hudai kutoka kwa jenereta zaidi ya kile zinachokitumia kwa kazi. Tufanye hesabu ya chaja ya amperi 60 kwa betri za volti 24: volti 28.8 mara amperi 60 ni wati 1,728. Kwa kuwa sehemu yapotea ndani ya chaja yenyewe, itavuta takriban wati 2,000. Na kwa tabia yake ya kuvuta kwa vishindo, jenereta itabeba mzigo wa karibu volti-amperi 2,900. Mwenye jenereta iliyoandikwa 2.5 kVA atashangaa kwa nini inakohoa. Tiba yake haina gharama: ishushe chaja mpaka amperi 30, na jenereta itatulia, na umeme utakaoingia katika betri huenda ukawa mwingi kuliko ule wa kwanza.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wa Dar es Salaam hawana sababu ya kulitaja, kwa kuwa wao wako usawa wa bahari. Injini hupumua hewa, na hewa ya milimani ni nyepesi. Kwa kila mita 300 za kupanda, injini ya kawaida hupoteza nguvu kadiri ya asilimia tatu na nusu. Katika kijiji kilicho mita 1,500 juu ya bahari, na Umatengo una mahali palipo juu zaidi ya hapo, karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu imekwisha kupotea kabla jenereta haijachomekwa kitu. Jenereta iliyonunuliwa Mbamba Bay, ambako ziwa liko kama mita 475 tu, ikapandishwa Maguu kwa bodaboda au lori, si jenereta ile ile tena: kabureta yake humwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, plagi ikawa nyeusi kwa masizi, na injini ikazubaa mzigo unapoingia. Fundi mzuri atajua kuirekebisha kabureta iendane na hewa ya mlimani. Aidha mwulize akupimie mwendo wa injini: nyingi za petroli hutakiwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ndipo zitoe mizunguko 50 kwa sekunde, na zisipokuwa na mzigo zikaribie mizunguko 52. Inveta za kisasa zina wivu katika jambo hili. Mwendo ukipungua au ukiyumba huikataa jenereta, ukasikia swichi ya ndani ikigonga, ikiachia, ikigonga tena, na kutwa nzima betri zisipate ila mabaki.

Sasa nakuja penye nyaya, nami nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo hasara ijifichapo zaidi na ndipo mwenye nyumba awezapo kujitibu mwenyewe. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6 huonekana mnene kwa mtu aliyezoea nyaya za taa, naye huuvuta kutoka chumba cha chaja hadi kona ya betri, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi. Waya huo, kwa jumla ya mita hizo 10, una ukinzani wa karibu ohmu 0.031. Amperi 40 zikipita humo, volti 1.2 na kitu hubaki njiani zikiwa joto. Chaja inaona kwamba imetoa volti 14.4, ambazo ndizo betri ya volti 12 inazohitaji ili ijae. Betri kwa upande wake yapokea volti 13.2, ambazo zatosha kuishikilia ilipo lakini hazitoshi kuijaza, wala hazitaijaza ungaichaji kutwa. Na kibaya zaidi, chaja, ikidhani kazi imekaribia kwisha, huanza kupunguza amperi mapema. Badilisha waya huo kwa wa milimita za mraba 35, na kinachopotea hushuka mpaka takriban volti 0.2. Hakuna betri mpya itakayokupa faida kama hiyo kwa fedha hiyo. Na kama waya mnene haupatikani, sogeza chaja karibu na betri, kwa kuwa umeme wa volti 230 husafiri mbali kwa hasara ndogo, na ule wa volti 12 hausafiri.

Namna ya kuhakikisha ni hii. Chaja ikiwa inafanya kazi kwa nguvu zake, weka ncha za testa penye nguzo za chaja, uandike. Kisha penye nguzo za betri, ncha ikigusa risasi ya nguzo yenyewe na si kile kishikizo kilichofungwa juu yake, uandike. Tofauti ikizidi volti 0.3 kwa mfumo wa volti 12, kuna mwizi. Basi mfuate hatua kwa hatua: ncha moja juu ya nguzo ya betri na ncha ya pili juu ya kishikizo chake, pahali ambapo jicho laona vitu viwili vilivyogusana kabisa, na testa ikisoma hapo sehemu ya kumi ya volti au zaidi, kiungo hicho ni kibovu hata kama kinang'aa. Kifungue, na aghalabu utakuta ndani unga mweupe uelekeao buluu, na nyuzi za waya zilizokatika nusu, ambazo fundi alizikunja kwa koleo badala ya kuzibana kwa kishikizo cha kipimo chake. Osha kwa maji yaliyochanganywa na magadi ya kuokea, suuza, kausha, kwangua mpaka chuma kionekane, kaza, kisha paka mafuta mazito ya kuzuia kutu. Usipake kabla ya kukaza. Kwa upande wa volti 230 nao, waya wa kurefushia ulioviringishwa katika gurudumu lake uvutwe wote mpaka mwisho, kwa sababu ukiachwa umeviringwa hupata moto hata kuyeyuka.

Wenye inveta zenye chaja ndani yake wana mahali pa ziada pa kutafutia, yaani katika menyu. Inveta nyingi za siku hizi zina mpango unaosema betri zichajiwe na sola peke yake. Fundi akiuweka hivyo wakati wa kiangazi, jenereta ya masika itaendesha taa vizuri lakini haitatia betri hata amperi moja. Kuna mpango wa pili wa kiasi cha juu cha amperi zitokazo kwa jenereta, ambao huenda umeachwa chini mno kwa akiba yako au juu mno kwa jenereta yako. Na kuna mpango wa tatu wa kuchagua kama mtambo uvumilie umeme unaopanda na kushuka, au uukatae mara ukitikisika kwa ajili ya kulinda kompyuta. Kwa jenereta, chagua uvumilivu. Ukimwita fundi, mwambie akuonyeshe mambo hayo matatu katika kioo cha inveta, nawe uyaandike katika karatasi ubandike ukutani.

Mambo hayo yote yakiwa sawa, lililobaki ni tabia ya betri yenyewe. Betri ya risasi na tindikali, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, haijabadilika katika asili yake: hupokea kwa pupa ikiwa na njaa, na ikikaribia kushiba hupokea kidogo kidogo, wala hakuna jenereta iwezayo kuiharakisha. Wenyeji wa milima hii walio na ngoro, yale mashimo yao ya kulimia, watalielewa jambo hili upesi, kwani shimo la ngoro hupokea mvua yote ya gharika ikajaa kwa dakika chache, lakini maji hayo huzama udongoni kwa mwendo wa udongo. Kwa betri, sehemu ya kwanza, mpaka kufikia kama asilimia 80, huenda haraka kwa amperi zote za chaja. Asilimia 20 zilizosalia huchukua saa nne au zaidi, amperi zikipungua saa hata saa. Kuendesha jenereta ya wati 2,000 ili kupeleka amperi tano ni israfu. Kwa hiyo iwashe jenereta alfajiri, betri zikiwa chini kabisa, uiendeshe saa mbili au tatu mpaka uone amperi zaanza kushuka, kisha uizime, na kuiachia sola, hata iwe na jua la mawingu, kazi ya kumalizia mchana kutwa. Wengi hufanya kinyume: huwasha jenereta magharibi, baada ya sola kuwa imekwisha kutia kidogo, ili wapate na mwanga wa bure, hapo betri imekwisha kushiba nusu na petroli yaungua kwa kazi ndogo. Hata hivyo, walau mara moja kwa majuma mawili betri ijazwe mpaka mwisho, kwa kuwa ikikaa miezi bila kujaa, sulfati ya risasi hugeuka jiwe juu ya bamba zake.

Baridi nayo ina neno. Betri iliyo katika nyuzijoto 15, hali ya kawaida kwa stoo ya Umatengo mwezi wa Juni na Julai, yataka volti zaidi kidogo kuliko ile iliyo katika nyuzi 25. Kwa mfumo wa volti 12 tofauti yake ni karibu volti 0.24. Mwenye chaja isiyo na kipima joto atachaji pungufu mlimani na kuzidisha kando ya ziwa, ambako mwenzake wa Liuli, anayechajia wavuvi wa usipa betri za taa zao katika kibanda cha bati, atakausha maji ya betri kwa volti zile zile. Kile kijiwaya chenye kichwa cheusi kinachokuja ndani ya boksi la chaja, ambacho mafundi wengi hukiacha humo humo, ndicho kipima joto. Kibandikwe ubavuni mwa betri.

Mintarafu ya maji ya betri, nasema kwa mkazo: usiongeze tindikali. Kinachopungua katika betri ni maji, yakigeuka gesi; tindikali hubaki. Mtu akimimina tindikali kutoka katika chupa aliyouziwa kwa jina la maji ya betri, haidromita itapanda na betri itaonekana imepona, ilhali bamba zinaliwa. Soma lebo, na utake maji yaliyotoneshwa. Betri iliyojaa husoma 1.265 au karibu yake katika kila seli. Seli moja ikipishana na wenzake kwa zaidi ya 0.030, hata baada ya kuchajiwa mpaka mwisho, hiyo ndiyo inayozivuta nyingine, na hapo tu ndipo neno la kununua betri linapokuwa na haki. Na ukinunua, usiunganishe mpya na kuukuu, kwa maana ile kuukuu itaila mpya. Ukiwa na betri kadhaa zilizofungwa sambamba, waya chanya wa chaja uanzie betri ya kwanza na waya hasi uishie betri ya mwisho, ili zote zipate sawasawa. Ukifunga zote mbili penye ya kwanza, hiyo itachoka kwa kazi na ya mwisho itakufa kwa njaa.

Katika haya yote, jenereta isiingizwe ndani. Najua mvua ya Umatengo, na najua hofu ya wezi. Lakini moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala chumba cha pili kabla hawajajua kwamba wanaumwa. Ijengewe kibanda chake chenye paa na pande zilizo wazi, mbali na madirisha, nayo ifungwe kwa mnyororo. Chumba cha betri nacho kiwe na tundu juu karibu na dari, kwa kuwa gesi itokayo katika betri inayochajiwa hupanda na hulipuka kwa cheche ndogo tu. Palipo na umeme wa TANESCO, jenereta isiunganishwe na nyumba ila kwa swichi ya kubadilishia, ili isirudishe umeme katika nguzo alikopanda mtu wa kazi.

Na betri iliyokufa kweli, baada ya vipimo vyote, usiiache uani wala usimpe kijana aivunje kwa shoka atoe risasi ya kutengenezea vizito vya nyavu. Vumbi lake hukaa katika udongo miaka mingi, na watoto wanaochezea hapo huliingiza mwilini kwa mikono yao, likadhuru akili zao kwa namna isiyotibika. Itunze ikiwa nzima, ikiwa imesimama, mahali pakavu, mpaka gari la mnunuzi wa betri chakavu lipite kuelekea Mbinga au Songea. Atakulipa kwa kilo, na bei hiyo itapunguza ya betri mpya.